Lugha Iliyofichwa Darasani: Mwalimu wa Kiingereza Ugenini, kutoka Dacca hadi Makerere

Kuanzia tarehe 1 hadi 13 Januari 1961, walimu, maofisa wa elimu na wataalamu wa lugha kutoka pande nyingi za Jumuiya ya Madola walikutana katika kilima cha Makerere, Kampala. Ajenda yao ilikuwa moja: namna ya kufundisha Kiingereza kwa watu ambao Kiingereza si lugha yao. Mkutano huo ulikuwa umependekezwa na mkutano wa kwanza wa elimu wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Oxford mwaka 1959, na ripoti yake ilipigwa chapa Entebbe mwaka huo huo wa 1961. Tanganyika ilikuwa imebakiza miezi 11 kufikia uhuru wake, Uganda chini ya miaka miwili, na Kenya karibu mitatu. Serikali zilizokuwa zikijiandaa kushika madaraka zilihitaji makarani, mahakimu, waganga na walimu, na wengi waliamini kwamba wote hao hawana budi kupitia mlango mmoja, nao ni mlango wa Kiingereza.

Miaka 31 baadaye, mwaka 1992, mwanaisimu Robert Phillipson alichapisha kitabu chake *Linguistic Imperialism*, na humo akayakusanya mafunzo ya Makerere katika imani tano: kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, kwamba kadiri kinavyoanzwa mapema ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri, kwamba kadiri kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo mwanafunzi anavyokijua, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza hushuka. Ripoti yenyewe haikuyapanga mambo hayo kama amri za kukariri. Ni Phillipson aliyeyachambua na kuyapa majina, na kwa maoni yake imani zote tano ni potofu. Hata hivyo, mtu yeyote aliyepata kukaa kwenye dawati la shule ya sekondari katika Afrika Mashariki atazitambua mara moja, hata kama hajasikia kamwe habari za mkutano wenyewe.

Kwa wanaoshughulika na taaluma za Kiswahili, imani ya kwanza na ya tano ndizo zenye uzito. Zote mbili zinahusu lugha aliyonayo mwanafunzi kabla mwalimu hajaingia darasani, na zote mbili zinaitaka itoke nje. Mhadhara huu unaufuatilia mwiko huo: ulikozaliwa, njia uliyoipita hadi kufika kwetu, na jinsi ulivyoifanya kazi ya kila siku ya mwalimu kuwa ngumu kuliko ilivyopaswa kuwa.

Asili ya mwiko

Mwaka 1878 Maximilian Berlitz alifungua shule ya lugha katika mji wa Providence, Marekani. Inasimuliwa kwamba alimwajiri Mfaransa mmoja, Nicholas Joly, kisha akagundua kwamba msaidizi wake huyo hajui Kiingereza hata kidogo. Berlitz alikuwa mgonjwa, hakuwa na mwingine wa kumsaidia, hivyo akamwagiza Joly aonyeshe vitu kwa kidole na kuigiza vitenzi kwa mwili. Aliporudi baada ya wiki kadhaa aliwakuta wanafunzi wakizungumza Kifaransa kwa furaha. Pengine hadithi hiyo imenakshiwa kadiri ilivyorudiwa, lakini inafichua jambo la maana: mbinu iliyokuja kuitwa ya moja kwa moja ilizaliwa na dharura. Mwalimu hakuinyamazia lugha ya wanafunzi kwa sababu ya nadharia. Hakuijua.

Shule za namna hiyo zilipoenea Ulaya zilikuwa na masharti yake. Wanafunzi walikuwa watu wazima waliolipa ada na waliojua wanachokitaka. Walikuwa wachache katika kila chumba. Mara nyingi mwalimu alikuwa mgeni aliyehitaji mshahara upesi. Mwandishi James Joyce alikuwa mmoja wao, aliyefundisha Kiingereza Pola na kisha Trieste kuanzia 1904. Katika mazingira hayo, kusema Kiingereza tu kulikuwa busara ya kazi. Taabu ilianza pale busara hiyo ya chumba kidogo cha watu wazima ilipobebwa hadi kwenye madarasa ya watoto 40 au zaidi, wote wakiwa na lugha moja, wakifundishwa na mwalimu anayeijua lugha hiyo kama wao.

Harold Palmer aliyapitia mabadiliko hayo yeye mwenyewe. Alianza kufundisha Kiingereza Verviers, Ubelgiji, mwaka 1902, akakimbia vita mwaka 1914, akafundisha katika Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1922 akaenda Tokyo kuwa mshauri wa Wizara ya Elimu ya Japani kwa mwaliko wa Sawayanagi Masataro. Mwaka uliofuata ilianzishwa taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza chini ya uongozi wake. Palmer alitaka mtoto wa Kijapani asikie na kusema kwanza, kusoma kufuate baadaye. Hoja yake ilikuwa nzuri, ila alikuta mlima mbele yake. Walimu wa Kijapani walikuwa wasomaji hodari wa Kiingereza ambao hawakuwa wamepata nafasi ya kukisema. Madarasa yalikuwa makubwa. Juu ya yote, mitihani ya kuingia shule za juu ilidai tafsiri ya vifungu vigumu vya maandishi. Mwanafunzi wa namna hiyo hakuwa na haja ya kuagiza chai kwa Kiingereza. Haja yake ilikuwa kufaulu. Palmer aliondoka Japani mwaka 1936, baada ya miaka 14, na katika miaka yake ya mwisho huko alikuwa amegeukia sana suala la uteuzi wa msamiati na usomaji.

Matunda ya kazi ya Tokyo yamefika hadi mikononi mwa wanafunzi wa Dar es Salaam na Nairobi bila wao kujua. A. S. Hornby, aliyekwenda Japani mwaka 1924 na kuwa mwenzake Palmer, alitunga pamoja na Gatenby na Wakefield kamusi ya Kiingereza kwa wanafunzi wa kigeni iliyotolewa Tokyo mwaka 1942 na kuchapishwa upya na Oxford mwaka 1948. Yale maelezo ya miundo ya vitenzi ambayo kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi wetu kimeyafungua ili kujua kama kitenzi fulani kinahitaji kihusishi yalianza kuandikwa kwa ajili ya Wajapani.

Dacca: mwalimu anayehesabu wanaoondoka

Wakati Palmer akiwa Tokyo, Mwingereza mwingine alikuwa Dacca, Bengali, mji ambao leo ni Dhaka, makao makuu ya Bangladesh. Michael West aliingia katika utumishi wa elimu wa India mwaka 1912 na akaja kuwa mkuu wa chuo cha ualimu mjini humo. Ripoti yake juu ya uwililugha katika Bengali, iliyotolewa mwaka 1926, inastahili kusomwa na kila mtu anayepanga lugha ya kufundishia popote pale, kwa sababu inaanza na swali ambalo wapangaji wengi hulikwepa: ni nini kinachompata mtoto anayeacha shule katikati?

West aliona kwamba watoto wengi walioanza Kiingereza hawakufika mwisho. Aliazima dhana kutoka kwenye biashara ya bima. Mtu aliyekata bima ya maisha akashindwa kuendelea kulipa, hurudishiwa kiasi fulani. Hakupotezi kila alichokitoa. Je, mtoto aliyejifunza Kiingereza kwa miaka miwili au mitatu kisha akaondoka, anarudishiwa nini? Kwa mafunzo ya siku zile, jibu lilikuwa karibu si kitu. Alikuwa ameanza sarufi ambayo ingemfaa baada ya miaka minane, na mazungumzo ambayo kijijini kwao hapakuwa na mtu wa kuyafanya naye. Masomo yote yalijengwa kwa faida ya wale wachache watakaofika chuo kikuu, na gharama ililipwa na wale wengi watakaoishia njiani.

Jibu la West lilikuwa kusoma. Mtoto aliyeweza kusoma kitabu chepesi cha Kiingereza baada ya muda mfupi angeondoka na kitu mkononi, hata kama hawezi kukisema vizuri. Alipovichunguza vitabu vya kusoma vya wakati wake aliona vimejaa maneno ya kifasihi yasiyorudi tena, maneno mapya yakirundikana katika ukurasa mmoja na msomaji akiyasahau kabla ya ukurasa wa pili. Akatunga vitabu ambamo maneno ya kawaida huchukua nafasi ya yale adimu, na kila neno jipya hutanguliwa na kufuatwa na mengi yaliyokwisha kujulikana. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye mkutano wa uteuzi wa msamiati uliofanyika New York mwaka 1934, akiwa pamoja na Palmer na Lawrence Faucett, na hatimaye kwenye orodha yake ya maneno ya msingi yapatayo 2,000 iliyochapishwa mwaka 1953. Vitabu vya kusoma vilivyopangwa kwa ngazi, ambavyo vimejaa katika maktaba za shule zetu, vinatokana na hesabu iliyofanywa Bengali.

Linalofaa kuzingatiwa hapa ni mahali West alipoanzia. Hakuanza na Kiingereza. Alianza na Mbengali mwenye lugha yake, ambaye ataendelea kuota, kugombana na kuomba dua kwa Kibengali, na ambaye anahitaji Kiingereza kwa kazi maalumu, hasa kupata maarifa yaliyoandikwa. Uwililugha kwake ulikuwa hali ya maisha ya watu wengi duniani, si ugonjwa wa kutibiwa darasani. Mtu anaweza kubishana naye. Kusoma peke yake hakutoshi, na si vigumu kuona jinsi serikali ya kikoloni ingefurahia raia anayesoma bila kusema. Lakini swali lake la mtoto anayeondoka halikupata nafasi kubwa katika fikra zilizotawala baada ya Makerere, na kutokuwapo kwake kuligharimu sana.

Afrika Mashariki kabla na baada ya kilima

Afrika Mashariki haikuwa uwanja mtupu. Tume ya Phelps-Stokes iliyopita hapa mwaka 1924 ilitetea matumizi ya lugha za wenyeji katika madarasa ya mwanzo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Huko Tanganyika mtoto alianza shule kwa Kiswahili na Kiingereza kikaja baadaye. Sifa za mpango huo zisitiwe chumvi: nia ya watawala haikuwa kumkomboa mtu, na nafasi za kusonga mbele zilikuwa haba mno. Hata hivyo, mwalimu wa Kiingereza alimpokea mtoto ambaye tayari anajua kusoma na kuandika kwa lugha anayoielewa. Upande huo, kazi yake ilikuwa imekwisha kupunguzwa nusu.

Katika miaka ya 1950 upepo uligeuka. Mwaka 1957 kilianzishwa Nairobi kituo maalumu cha kutunga masomo ya Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza kwa watoto wa Kiasia wa mjini, ambao wenyewe walikuwa na lugha kadhaa katika chumba kimoja. Huko, kama kwa Berlitz, kulikuwa na sababu. Matokeo ya mwanzo yalionekana mazuri, kwani madarasa yalichaguliwa, vifaa vilikuwapo na walimu walisimamiwa kwa karibu. Kisha mpango ukasambazwa kwenye shule za Kiafrika, na Tume ya Ominde ya 1964 ikaunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwalimu wa kijijini aliyepata mafunzo kidogo alitakiwa kufanya kazi iliyofanywa na mwalimu teule wa mjini. Kufikia mwaka 1976 Tume ya Gachathi ilikuwa ikipendekeza watoto waanze kwa lugha ya eneo lao, na mtaala mpya wa 1985 ukakifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa.

Nyuma ya mipango hiyo mwiko ulikuwa na meno. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Makerere wakati wa mkutano wa 1961, ameeleza katika *Decolonising the Mind*, kitabu cha mwaka 1986, jinsi watoto wa shule walivyoadhibiwa kwa kusema Kigikuyu: viboko, faini, na ishara ya aibu iliyopokezanwa kutoka kwa mkosaji hadi mkosaji, ili kila mtoto awe mpelelezi wa mwenzake. Hakuna mwanaisimu wa Makerere aliyependekeza kibao hicho shingoni mwa mtoto. Lakini mkutano unaposema kwamba lugha nyingine hushusha kiwango, mwalimu mkuu aliyeko mbali husikia kwamba lugha nyingine ni kosa.

Kilichomo ndani ya sentensi

Madhara ya mwiko huonekana vizuri zaidi mtu akiacha sera na kuketi nyuma ya darasa. Matatizo yanayomchosha mwalimu wa Kiingereza mbele ya Waswahili ni machache, yanajirudia kila mwaka, na karibu yote yanaelezeka kwa Kiswahili.

Mwalimu mgeni anauliza kwa Kiingereza: huji kesho? Mwanafunzi asiyekusudia kuja anajibu «yes». Mwalimu anamsubiri kesho yake, haji, naye anaandika katika daftari lake kwamba vijana hawa si wakweli. Kumbe mwanafunzi amejibu sawasawa kwa sarufi yake. «Ndiyo» ya Kiswahili huthibitisha kauli ya muulizaji: ndiyo, ni kama ulivyosema, siji. Kiingereza hakitazami kauli ya muulizaji. Kinatazama kama tendo litakuwapo au la. Dakika tano za kulinganisha lugha mbili zingetosha. Bila hizo, kosa hudumu hadi chuo kikuu.

Au mwanafunzi anaandika kwamba shule huanza saa mbili na kutoka saa nane, akizitafsiri namba hizo kama zilivyo. Mwingereza anashangaa shule ya usiku wa manane. Au mtu anayetoka mlangoni anasema kwa Kiingereza kwamba anakuja, kwa sababu «nakuja» ya Kiswahili humaanisha ninaondoka kidogo, nitarudi. Au mwalimu anajikwaa kwenye jiwe, na darasa zima linasema «sorry». Naye anajibu kwamba si kosa lao. Hakuna aliyedai ni kosa lake. Walitaka kusema «pole», na Kiingereza hakina neno hilo. Kila moja ya nyakati hizi ni somo lililokuja lenyewe mlangoni, na mwiko ukalifukuza.

Katika matamshi, irabu tano za Kiswahili hazina budi kubeba irabu nyingi za Kiingereza, hivyo meli na kondoo wa Waingereza huwa neno moja masikioni mwa mtoto. Silabi za Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu, na mtoto anayesema «benki», «boksi» na «koti» nyumbani anajua kanuni hiyo hata kama hajui jina lake. Katika viwakilishi, kiambishi «a-» hakibagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo dada wa mwandishi wa insha hubadilika jinsia mara tatu katika aya moja.

Kubwa kuliko yote ni vile vineno vidogo vinavyotangulia nomino za Kiingereza, «a» na «the». Walimu wengi husema Kiswahili hakina vitu hivyo, kisha huwakaririsha wanafunzi kanuni zisizokwisha. Kauli hiyo ni nusu ya kweli. Mswahili akisema «nimesoma kitabu», kitabu hicho kinaweza kuwa chochote. Akisema «nimekisoma kitabu», msikilizaji anajua ni kile kinachofahamika kati yao. Kiambishi cha mtendwa kinabeba sehemu ya kazi ambayo Kiingereza kimewapa wale vineno viwili. Mizani ya lugha hizo mbili hailingani katika kila sentensi, na kwa nomino za viumbe hai kiambishi hicho kina sheria nyingine. Ila mwanafunzi tayari ana hisia ya kitu kinachojulikana na kisichojulikana. Imo katika ulimi wake tangu utotoni. Mwalimu aliyekatazwa kutamka «nimekisoma» ndani ya darasa la Kiingereza amenyang'anywa chombo bora zaidi cha kazi yake.

Walimu waliolazimika kuwa wanafunzi

Uhuru ulileta upungufu mkubwa wa walimu wa sekondari, na kuanzia mwaka 1961 walimu wa Kimarekani na wa Kiingereza walianza kuletwa chini ya mpango wa walimu kwa ajili ya Afrika Mashariki, ambao kwa upande wa Marekani uliendeshwa na Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York. Kikundi cha kwanza cha Peace Corps kilichofika Tanganyika mwaka huo huo kilikuwa cha wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, walimu walifuata. Vijana hao walikuwa mfano hasa wa yule mwalimu bora wa imani ya pili: wamezaliwa na Kiingereza.

Jambo la kuchekesha katika historia hii ni kwamba ujio wao uliinua masomo ya Kiswahili. Kabla ya hapo mgeni alitegemea sana sarufi ya Ashton ya mwaka 1944, kitabu kizito kinachomtaka msomaji mtulivu. Mwalimu anayekwenda kuishi Songea au Bukoba alihitaji kununua samaki, kusalimia wazee kwa «shikamoo» na kujibu hodi. Katika miaka ya 1960 taasisi ya lugha ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitoa kozi za Kiswahili zilizotungwa na Earl Stevick na wenzake, kwa mazoezi mafupi ya mazungumzo. Stevick alikuwa pia mtaalamu wa ufundishaji wa Kiingereza, na kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya kumbukumbu na maana kilikuwa miongoni mwa vile vilivyowahimiza walimu wa lugha duniani kumtazama mwanafunzi kama mtu mwenye hofu na matumaini yake.

Mwalimu wa Kiingereza aliyepata kusimama sokoni akitafuta ngeli ya neno «embe» huku wauzaji wakimcheka kwa upole, alirudi darasani na macho mengine. Sasa alijua kwamba ukimya wa mwanafunzi wa dawati la nyuma si uvivu. Alikuwa ameuonja. Kati ya mafunzo yote ya ualimu, hilo ndilo ambalo Makerere haikuliweka katika orodha, kwa sababu mwalimu anayesifiwa kwa kuzaliwa na lugha ndiye hasa asiyekumbuka alivyojifunza lugha hiyo.

Mlango uliofungwa

Tanzania ilichukua njia yake. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na Kiingereza kikabaki somo. Tangu hapo, kwa watoto wengi wa nchi hiyo Kiingereza kimekuwa lugha ya kigeni hasa: hakisikiki nyumbani, sokoni wala uwanjani. Lakini sekondari iliendelea kufundisha kila kitu kwa Kiingereza, isipokuwa Siasa na Kiswahili chenyewe. Mtoto aliyejifunza maji na mvuke kwa lugha yake kwa miaka saba aliingia kidato cha kwanza akakuta fizikia imebadilisha lugha wakati wa likizo.

Penina Mlama na May Matteru waliliandikia hilo Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1978, wakionyesha kwamba walimu walikuwa wakitumia Kiswahili ili waeleweke. Tume ya Rais chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Waingereza Criper na Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kutoa matokeo ya kutisha: ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho elimu kwa Kiingereza ingeweza kuanza, na karibu nusu ya wanafunzi waliopimwa walikuwa wakipata kidogo sana au wasipate kitu katika masomo mengine. Swali la West lilikuwa limerudi, safari hii kwa takwimu za Tanzania. Hata hivyo, waliopima walipendekeza Kiingereza kiendelee kufundishia na kiimarishwe.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mwaka 1987 mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza uliogharimiwa na serikali ya Uingereza, kwa fedha zinazotajwa kuwa pauni milioni 1.46. Wataalamu walikuja, walimu walifunzwa, na vitabu vya kusoma vilivyopangwa kwa ngazi viligawiwa katika shule za sekondari. Si haki kuudharau mradi huo. Shule isiyokuwa na kitabu hata kimoja cha hadithi ilipata kadhaa, na mwanafunzi anayesoma hujifunza. Ila daktari alitibu homa huku akiacha dirisha wazi. Mradi uliboresha somo la Kiingereza ili liweze kubeba jiografia, baiolojia na historia, mzigo ambao hakuna somo la lugha ya kigeni lililoundwa kuubeba.

Watafiti wa Tanzania, Norway na Afrika Kusini walioanza mradi wa LOITASA mwaka 2002 waliingia madarasani na kulinganisha vipindi vya lugha mbili. Palipofundishwa kwa Kiingereza waliona wanafunzi wakinakili ubao na kujibu kwa pamoja maneno yasiyokamilika. Palipofundishwa kwa Kiswahili waliona maswali na ubishi. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, na sekondari haikubadilika kwa tamko hilo.

Mwalimu wa leo anaijua historia hii bila kuisoma. Ameandika neno la Kiingereza ubaoni, amelitamka mara mbili, na macho 50 yanamtazama kimya. Anautazama mlango kama umefungwa. Kisha anashusha sauti na kusema, «Yaani, kwa lugha yetu…», na darasa linaandika haraka kabla mkaguzi hajapita.